Punje Iliyomchukulia Mama Fundi Maneno

Watu wa Nyalenda, hapa Kisumu, bado wanasema Mama Fundi aliangushwa na chira. Mimi nasema aliangushwa na punje ya risasi, na mtu aliyeifyatua alikuwa anatafuta bata. Nimesema hivyo kwenye bomba la maji, nimesema nje ya kanisa, nimesema mbele ya wazee wenye fimbo. Wananijibu, "Sawa, Mama Mmbone, ni punje. Lakini nani aliituma?" Basi nimechoka kusema. Naandika.

Kwa asiyejua, chira ni ile adhabu ambayo Wajaluo wanasema humfuata mtu aliyevunja mwiko. Humkausha polepole, na akiisha yeye hushukia watoto wake. Sisi Wamaragoli tuna zetu pia, sijifanyi. Lakini za kwetu hazijawahi kumtundikia jirani yangu koti ukutani.

Mama Fundi alizaliwa wapi na ni binti wa nani, waulizwe wenyewe huko kwao. Mimi nilimjua kama mlango unaoangaliana na wangu. Nilihamia pale na mume wangu, nina cheti cha Form Four ambacho hakikunipa kazi, na mimba. Yeye alikuwa mjane mtu mzima, mwanamke pekee kati ya mafundi wa nguo waliokaa kwenye baraza la duka la Muhindi wa vitambaa pale mjini. Wanaume walikuwa na cherehani za kukanyaga. Yeye alikuwa na ya mkono, ile ndogo ya kuzungusha, na kila jioni aliibeba kichwani mpaka nyumbani kana kwamba ni debe la maji. Wenzake walimcheka.

"Mama, hiyo mashine ya mtoto utanunua kubwa lini?"

"Nyinyi munakanyaga, munakanyaga kama watu wa baisikeli," aliwajibu, "na hata Kibos hamujafika."

Aliongea na pini mdomoni. Ndiyo picha niliyo nayo: midomo imebana pini, na bado maneno yanatoka, mengi, makali, na hakuna pini iliyowahi kuanguka. Lugha yetu mimi na yeye ilikuwa Kiswahili, kwa sababu mimi Kijaluo nilikuwa sijui zaidi ya salamu, na yeye Kimaragoli alisema ni lugha ya watu wenye mafua. Kiswahili chake alikipinda atakavyo. Kila kitu kilikuwa "hii". Hii mtoto, hii maji, hii serikali.

Kitu alichokichukia kuliko uvivu kilikuwa makasi kwenye mshono. Nguo ikikosewa, fundi wa kawaida anakata anapiga kiraka, mteja anaenda. Yeye alifumua. Uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe aliouvunja nusu na kuufunga kwenye kijiti. "Kushona hata mbuzi inaweza kufundishwa," alisema. "Kufumua ndiyo kazi." Wanafunzi wa mafundi wale wengine walikuja kumwangalia akifumua kaptula ya shule. Kitambaa kilibaki kizima, hakina hata tundu la kuonyesha kwamba kuna mtu alikosea.

Shuleni tulifundishwa ushonaji, na mimi nilipata alama nzuri. Mmbone alipozaliwa nikamshonea kigauni cha manjano, nikapeleka mlango wa pili kuonyesha. Mama Fundi alikigeuza ndani nje, akakinusa kama samaki, akaketi. Sikujua anafanya nini mpaka mkono wa kwanza ulipoachana na bega. Nilisimama pale na kichanga kifuani nikiangalia kazi yangu ya wiki nzima inarudi kuwa vipande. Alivikunja akanipa.

"Sasa uko na kitambaa," alisema. "Saa ile ingine ulikuwa na aibu."

Sikumsemesha siku mbili. Ya tatu alikuja mwenyewe, akamchukua Mmbone bila kuuliza, akamfunga mgongoni kwa leso, akaenda naye barazani. Ndivyo alivyoomba msamaha. Tangu hapo mtoto wangu alilala kwa mlio wa ile cherehani, na mpaka leo ukitaka asinzie mzungushie kitu chochote kinacholia.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mchoyo wa uzi. Ukiomba sindano utapewa, ukiomba uzi utahubiriwa. Alisema umbea ni dhambi, na alijua nani katika ploti yetu amepigwa na kwa nini kabla aliyepigwa hajamaliza kulia. Na jambo ambalo watu wanaomtetea kama mimi hupenda kuliruka: miiko ya kwao aliiamini. Aliishika sana. Binti yake wa pekee ameolewa Usenge, na mama mkwe kwao halali kwenye nyumba ya mkwe. Mara moja alienda kumwona mjukuu, mvua ikakata barabara. Unajua alilala wapi? Kwenye banda la wavuvi, juu ya nyavu, kati ya magunia ya omena, zile dagaa za ziwani. Alirudi Kisumu ananuka hata paka walimfuata.

"Si ungelala tu ndani?" nilimwuliza. "Nani angekuona?"

"Hii mwiko haina macho," alisema. "Haingoji kuona."

Sasa mtu huyohuyo, mume wake alipokufa, alikataa kurithiwa. Kwao mjane hupewa ndugu wa marehemu awe mwanamume wa nyumba ile. Asipokubali, wanasema anaalika chira. Wazee walimwita nyumbani kwa mumewe, Asembo, wakamwonyesha shemeji yake, mdogo wa marehemu, mtu wa kiuno kirefu anayependa nguo nzuri. Jinsi alivyowajibu ilikuwa inasimuliwa barazani kama kichekesho. Eti alisema: "Mwenye kunirithi ashone kola kwanza. Ikikaa sawa, nitamupikia." Wazee walicheka, shemeji hakucheka, jambo likaahirishwa mwaka hata mwaka.

Mimi nilimwuliza peke yetu, tukichambua maharagwe. Pini hazikuwa mdomoni siku hiyo. Alisema, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, "Nimefua nguo ya mwanaume miaka mingi, nyathina. Sasa nataka kushona tu." Kisha akaongeza, polepole, "Kama hiyo ni makosa, itanipata." Naandika maneno hayo kwa sababu baadaye ndiyo yalinitisha. Aliogopa, na akakataa hivyohivyo. Mtu asiyeogopa kitu kukikataa kuna ugumu gani?

Jumamosi moja tulikuwa tunafua Dunga, ufukweni mwa ziwa, kando ya mafunjo. Mmbone alikuwa mgongoni kwake, kama kawaida, mimi nimeinama na shuka. Upande wa pili wa mafunjo kulikuwa na gari la kijani na mabwana watatu waliokuja kupiga bata. Tuliwaona. Nao walituona, kwa sababu mmoja alitupungia mkono. Bunduki yao ni ile inayotema punje nyingi kwa mara moja, zinatawanyika kama mtama ukiwarushia kuku. Bata waliruka chini chini kuja upande wetu, na bunduki ikawafuata.

Mama Fundi alisema "yawa", kama mtu aliyejichoma sindano. Alikuwa ameelekea kwao. Mtoto alikuwa nyuma yake. Mwili wake, ambao mafundi walikuwa wanautania kwamba unahitaji yadi nzima ya ziada, ulikuwa kati ya bunduki na mtoto wangu. Sitasema zaidi ya hapo.

Gari la kijani liliondoka. Polisi waliandika. Waliniuliza gari lilikuwa rangi gani, nikasema kijani. Wakaniuliza kijani gani.

Mama Fundi alikuwa na matundu manne, kifuani juu upande wa kushoto na begani, madogo, damu kidogo tu. Hospitali walipiga picha ya kifua, wakaona punje tatu chini ya ngozi. Wakazitoa. Nikauliza ya nne.

"Labda ilianguka," alisema yule aliyekuwa anafunga bandeji. "Watu wengi wanaishi na risasi mwilini. Mama, enda nyumbani ukunywe chai."

Akaenda nyumbani akanywa chai. Jumatatu alirudi barazani na bandeji ndani ya gauni, anawaambia mafundi kwamba bata wa Dunga siku hizi wanarudisha risasi. Walicheka mpaka Muhindi akatoka dukani kuuliza kuna nini.

Jumatano mimi nilikuwapo, nimepeleka uji wa mtoto. Alikuwa anashona pindo la sare ya shule. Cherehani ikasimama. Aliutazama mkono wake wa kulia ukiwa juu ya kile kishikio, akauangalia kama mkono wa mtu mwingine aliyemsahau pale. Upande mmoja wa mdomo ukashuka, na pini zikaanza kuanguka. Zilianguka moja moja juu ya kitambaa, na nilijua hapo hapo, kabla hajainama, kwamba jambo ni kubwa.

Alipopata sauti tena, wodini, alikuwa na neno moja. Kijaluo chote kilikwenda, na Kiswahili chake cha "hii" kikaenda nacho. Lililobaki ni "ooyo". Maana yake hapana.

Ukimpa chai: ooyo, na mkono wa kushoto unapokea kikombe. Ukimwamkia: ooyo. Alipomwona Mmbone alisema ooyo, ooyo, ooyo, machozi yanashuka upande mmoja wa uso, upande ambao bado ulikuwa wake.

Kabla hata hajahamishwa kitanda, habari ilikuwa imefika Asembo. Amepigwa kifuani, kichwa hakina hata mkwaruzo, halafu ulimi na mkono vikafa? Ulimi ule ule uliowakatalia wazee? Hesabu yao ilikwisha hapo. Shemeji alikuja wodini na koti lake la kijivu lenye vifungo vya mfupa, akasimama miguuni pa kitanda, akasema kwa huruma ya kweli, nakubali ilikuwa ya kweli, "Yuora, shemeji yangu, si tulikuambia?"

Binti wa Usenge alikuja akilia. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha wiki hiyo, na watoto wanaharisha kila wiki ya mvua, lakini nani angemwambia hivyo? Alipiga magoti karibu na kitanda. "Mama, kubali tu. Itashuka kwa mtoto wangu. Mama, kubali."

"Ooyo," alisema Mama Fundi.

"Unaona?" shemeji aliniambia. "Hata chai anasema ooyo. Hiyo si jibu. Hiyo ni ugonjwa inaongea."

Mimi ni mtu wa hasira, hata mama yangu alisema. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, naye akanijibu bila kupandisha sauti, "Wewe ni jamwa, mama. Mgeni. Hujui ya kwetu. Unampenda, lakini hujui." Lililoniudhi ni kwamba katika maneno hayo hakuna la uongo.

Daktari aliyetusaidia alikuwa kijana, mwembamba, amemaliza masomo juzi tu. Alisoma cheti cha kwanza cha hospitali, akaona matundu manne na punje tatu, akauliza swali lile lile langu. Alipoambiwa ilianguka, alisema, "Risasi haianguki kama kifungo." Akaagiza picha ya tumbo. Hakuna. Ya mapaja, kwa sababu alisema mara nyingi zikisafiri zinashuka miguuni. Hakuna. Alipoagiza picha ya kichwa yule wa bandeji alicheka.

"Daktari, kichwani hakuna hata tundu. Itapitia wapi?"

"Ndani," alisema daktari.

Picha ilipotoka alituita, mimi, binti na shemeji, akaishika dirishani. Fuvu la Mama Fundi, la kijivu kama moshi, na ndani yake upande wa kushoto, nukta moja nyeupe, nyeupe kabisa, kama punje ya mtama iliyoanguka kwenye majivu. Alitueleza polepole. Punje iliingia kifuani ikatoboa mshipa unaorudisha damu kutoka kwenye pafu. Tundu likajiziba. Damu ikaibeba mpaka kwenye moyo, na moyo hauchagui, unasukuma kilichomo. Pengine ilikaa mle mikunjoni siku zile zote za utani, moyo ukiitikisa hata picha ya kwanza isiione, mpaka siku ya cherehani. Ikapanda shingoni, ikaenda mbele na mbele, mpaka mshipa ukawa mwembamba kuliko yenyewe. Hapo ikakwama kama kizibo. Nyama ya ubongo iliyokuwa inanywa kwenye mshipa ule ikakosa damu ikafa, na hiyo ndiyo ilikuwa inashika maneno, na mkono wa kulia.

"Mnaweza kuitoa?" nilimwuliza.

"Naweza kumpeleka Nairobi wafungue kichwa. Waitoe. Iliyokufa haitafufuka."

Nilimgeukia shemeji. Nilifurahi, nasema kweli, nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona?"

Aliiangalia ile picha muda mrefu. Si mjinga, msimwone mjinga. Kisha akasema, "Nimeona. Imeingia kifuani. Imepita karibu na moyo, haikumuua. Ingeshuka miguuni, daktari amesema kawaida inashuka. Haikushuka. Imepanda yenyewe gizani mpaka kwa ulimi uliokataa. Na nyinyi mnaniambia hii haikutumwa? Asante, daktari. Mimi nilikuwa na shaka kidogo. Sasa sina."

Wakatoka, yeye na binti, na daktari akaniachia ile picha.

Kitu kimoja hawakukiona kwa sababu walikuwa wametoka tayari. Nilimpelekea Mama Fundi ile picha kitandani, nikaweka kidole kwenye nukta, nikaonyesha kifua chake, shingo, kichwa. Sijui alielewa kiasi gani. Aligusa upande wa kichwa chake, taratibu, pale pale. Kisha akanitazama kwa macho ya mtu anayeuliza. Nilijua anauliza nini. Lilikuwa swali la yule mwanamke aliyelala kati ya omena: je, imenipata?

"Ni bata," nilimwambia. "Mama Fundi, walikuwa wanapiga bata. Mimi nilikuwa pale."

"Ooyo," alisema, na akafumba macho. Sikujua ilikuwa ooyo ipi, ya kukubali au ya kukataa.

Nairobi hakupelekwa; alipotoka wodini walimchukua Asembo kumtengeneza, yaani kumwondolea chira. Nilimfunga Mmbone mgongoni nikaenda nao, mume wangu akinifokea kwamba koti ni koti tu. Maana hilo ndilo walilokubaliana. Kwa kuwa ni mtu mzima na mgonjwa, hawatamwekea mwanamume. Watatundika koti la shemeji ndani ya nyumba yake, lilale pale mpaka kesho yake asubuhi, na mwiko utakuwa umetimizwa. Mume wangu aliona hiyo ni huruma. Lakini mwenye koti huwa mwenye msumari, na mwenye msumari huwa mwenye ukuta. Baada ya koti atakuja kula, baada ya kula atauliza cherehani inakaa kwa nani. Na kabla ya yote hayo kuna jambo dogo: Mama Fundi alikataa. Alikataa akiwa na maneno yote, miaka mingi, kwa lugha mbili. Sasa kwa kuwa ana neno moja tu, na ndilo lile lile, linahesabiwa si kitu?

Shemeji alilitundika mwenyewe asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. La kijivu, la vifungo vya mfupa. Alilipangusa bega. Akatoka akaketi uani na wazee wawili, na binti akawapelekea viazi vitamu.

Tulibaki ndani, mimi, Mama Fundi na mtoto. Alikuwa kwenye kiti, analiangalia koti. Baada ya muda akalinyooshea mkono wa kushoto.

"Nilitupe nje?" niliuliza. Ningelitupa. Ningelitupa ziwani.

"Ooyo." Akapiga paja lake. Nikamletea.

Aliligeuza ndani nje. Akalinusa. Akatoa ule mlio wa ulimi kwenye meno, ambao punje haikuuchukua, mlio wa fundi aliyeona kazi mbaya. Kisha akaashiria kapu lake, na mimi nikawa wa mwisho kuelewa, hata Mmbone alielewa kabla yangu, kwa sababu aliketi sakafuni kama alivyozoea kuketi barazani. Nilimpa kile kijiti chenye nusu wembe.

Alianza na kola. Alibana kitambaa kwa magoti. Mkono uliokufa aliuweka juu kama jiwe la kuzuia karatasi, na wa kushoto, ambao haukuwahi kufumua kitu maishani mwake, ukafumua. Ulikuwa mzito, na mara mbili ulijikata, akanyonya kidole akaendelea. Nilitaka kumsaidia akanikodolea macho. Kola ikatoka. Mikono ikatoka. Bitana, mifuko, ule mshono mrefu wa mgongoni. Nje tuliwasikia wakiongea bei ya pamba, wakicheka, wakinyamaza, wakiitisha chai tena. Jua lilikuwa limevuka paa alipofika kwenye vifungo. Alivitunga vyote kwenye uzi mmoja, akakata uzi kwa meno.

Hakukuwa na tundu hata moja kwenye kitambaa kile.

Alinionyesha nivikunje vile vipande. Nilikunja alivyonifundisha. Akasimama, akashika bega langu, akaburuta mguu mpaka uani, na wazee wakaacha kutafuna. Aliweka lile fungu kwenye mapaja ya shemeji: kola juu, vifungo juu ya kola.

"Ooyo," alisema.

Shemeji alichukua mkono wa koti, mmoja, mtupu, akauinua. Akatazama ndani yake kama anatafuta mtu.

"Hii koti ilikuwa ya Nairobi," alisema.

Mzee mkubwa kati ya wale wawili alichukua kola, akapitisha kidole gumba penye mshono uliokuwapo, nyuma na mbele. Ndiye aliyekuwa anaongoza mambo yote siku hiyo.

"Haikukatwa," alisema.

"Lakini si koti tena, jaduong'," alisema mwenzake.

"Si koti." Aliirudisha kola mahali pake juu ya fungu. Alimwangalia Mama Fundi aliyekuwa bado amesimama, amenikamata bega kwa nguvu mpaka liliniuma. "Mgonjwa asiyejua anachosema hawezi kufanya hii kazi. Huyu ametujibu. Na sasa mnataka nitundike nini? Kifungo?"

Binti alianza kulia tena. Mama Fundi alimwita kwa mkono, akamshika kichwa, akakibana kwenye tumbo lake. Mtoto wa Usenge, nikumbuke kusema, alipona kuharisha na sasa anapiga mpira.

Nimekwenda Asembo Bay mara chache tangu hapo, nauli na watoto haviruhusu, lakini mwaka huu nilimpeleka Mmbone kabla ya kuanza shule. Mama Fundi hakurudi Kisumu. Ana cherehani yake chini ya ukingo wa paa la nyumba yake, na ameigeuza: kishikio sasa kiko kushoto, sindano inamtazama, na kitambaa kinamjia badala ya kwenda. Anashona sare za shule za kule zote kinyumenyume, na mishono imenyooka.

Neno ni lile lile. Lakini ukikaa naye siku moja unaanza kusikia. Kuna ooyo fupi ya chai, na ile inayopanda mwishoni, ya kuuliza. Ya kumkaribisha mtu ni ndefu, inavutwa kama uzi. Mmbone alijua zote kufikia mchana. Alipanda mapajani kwake, akamgusa kichwa upande wa kushoto, akauliza, "Bado iko hapa?"

"Ooyo," alisema Mama Fundi, ile ndefu, akaubana mkono wa mtoto pale.

"Bado iko," Mmbone aliniambia.

Tulipokuwa tunaondoka shemeji alikuwa kwenye lango, amezeeka kidogo, na shati tu. Alitusalimu vizuri. Akanivuta kando.

"Mama Mmbone, wewe mnasikizana naye. Vile vipande vya koti bado niko navyo kwa sanduku. Kila Krismasi nimemuletea, ananiambia ooyo, sijui kama anakataa ama anasema niache hapo. Fundi wengine wameangalia wamesema hawawezi rudisha. Niulizie."

Niligeuka. Mama Fundi alikuwa ametusikia. Cherehani ilisimama.

"Ooyo," alisema.

Shemeji alinitazama mimi. Yule aliyesimama miguuni pa kitanda akasema neno hili si jibu, ni ugonjwa, alinitazama kama mwanafunzi aliyepotewa na ukurasa.

"Hiyo ni gani sasa?" aliniuliza.

"Mimi ni jamwa," nilimwambia. "Muulize mwenyewe."

Akavua kofia, akaingia uani, akavuta kigoda karibu na cherehani, akaketi kusikiliza.